Kimya cha Taa ya Mfuko wa Hewa

Barabara ya kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, yenye urefu wa kilometa 66, huteremka kutoka milima ya Umatengo, penye mibuni na mashimo ya ngoro, hadi mwambao wa Ziwa Nyasa ulio kwenye kimo cha meta 475 hivi juu ya usawa wa bahari. Zamani tope na mawe vililazimisha kila dereva kwenda polepole katika kona zake. Siku hizi barabara ni ya lami, na mwendo umeongezeka. Noah na Probox zibebazo abiria katika mteremko huo aghalabu zilikwisha kutumika Japani kabla ya kuletwa nchini, na nyingi zina mfuko wa hewa uliokunjwa ndani ya usukani. Katika dashibodi mna taa ndogo yenye picha ya mtu aliyeketi mbele ya duara, au yenye herufi SRS. Kuhusu taa hiyo imeenea imani moja ambayo haina budi kupingwa: kwamba maadamu haiwaki, mambo ni shwari.

Ili kuona kosa la imani hiyo, yafaa kwanza kuelewa kazi ya taa. Gari ligongapo kitu kigumu uso kwa uso, gari husimama ghafla lakini mwili wa dereva, kwa kanuni ya inesha, huendelea mbele kwa mwendo ule ule. Kompyuta ndogo iliyofungwa katikati ya gari, yenye kipima mchapuko ndani yake, huutambua mgongano na kupeleka umeme upatao ampia moja na zaidi katika waya mwembamba sana. Waya huo hupata moto na kuwasha kemikali itoayo gesi nyingi kwa ghafla. Mfuko hujaa kwa muda wa sehemu 30 hivi za elfu za sekunde, yaani kabla mtu hajawahi kupepesa jicho.

Chombo cha namna hii hakijaribiki kwa kukitumia. Breki hujaribiwa katika kila kona. Mfuko wa hewa ukifyatuka mara moja, umekwisha. Kwa hiyo wahandisi walitafuta njia ya kuuliza bila kuwasha. Dereva afunguapo switchi, kompyuta huwasha taa kwa muda wa sekunde sita hivi, na wakati huo hupitisha katika kila waya mkondo hafifu mno, usioweza kuwasha kitu, na kupima ukinzani. Waya mzima wa kuwashia una ukinzani wa ohm 2 hivi. Uliokatika huonyesha ukinzani usio na kikomo. Waya zilizogusana huonyesha karibu na sifuri. Yote yakiwa sawa, taa huzimwa. Pakiwa na kasoro, huachwa ikiwaka, na yamkini mfuko hautafunguka kamwe siku ya ajali. Mara nyingi kasoro yenyewe ni ndogo: utepe wa waya uliozungushwa ndani ya usukani umekatika, au plagi ya manjano chini ya kiti imelegea au kuingia maji.

Basi ushahidi wa uzima una sehemu mbili: taa iwake, kisha izime. Taa isiyowaka kabisa haijatoa ushahidi wowote, nayo ni mbaya kuliko inayowaka daima, kwa kuwa hii ya pili angalau inasema kweli. Wako wanaong'oa balbu, au kuibandika utepe mweusi. Wengine, wajanja zaidi, hufunga kikinzani cha ohm 2 mahali pa mfuko uliokwisha kufyatuka. Kompyuta hupima, hukuta hesabu inayoitarajia, na kuzima taa. Hapo sheria ya Ohm imetumiwa kusema uongo. Mficha maradhi, kifo humuumbua; lakini katika jambo hili anayeumbuliwa si mfichaji bali mnunuzi wa tatu au wa nne, na abiria aliyeketi kando yake. Si haki kumlaumu fundi peke yake. Mfuko mpya ni ghali, kifaa cha kusomea kasoro hakimo katika kila gereji, na mara nyingi ni mwenye gari mwenyewe asemaye, "Niondolee hiyo taa, inanisumbua."

Hata taa yenye kusema kweli ina mipaka. Inapima waya, haipimi kemikali. Kampuni ya Takata ya Japani ilitumia amonia naitreti katika mifuko yake, nayo iliharibika polepole kwa joto na unyevu, hata baadhi ya vyombo vya gesi vikapasuka na kurusha vipande vya chuma. Nchini Marekani watu zaidi ya 25 walikufa na vyombo milioni 67 hivi vikaamriwa kubadilishwa. Mwaka 2017 kampuni ikafilisika. Taa za magari hayo zilizima kama kawaida. Mwambao wa Nyasa una joto na unyevu, na mwenye gari kuukuu hana budi kuuliza kwa nambari ya chesisi kama gari lake limo katika orodha ya mtengenezaji. Tena mfuko ni msaada tu wa mkanda wa kiti. Asiyefunga mkanda hukutana nao akiwa karibu mno, nao humjeruhi.

Inesha na sheria ya Ohm hufundishwa katika shule za Mbinga na Nyasa kwa vigari vya mbao na betri za tochi, na hilo ni jema. Lakini gari la mwalimu au la jirani lililoegeshwa nje ya darasa lingefaa zaidi. Switchi ifunguliwe bila kuwasha injini, wanafunzi wahesabu sekunde, waandike kama taa imewaka na imezimika lini. Waya za manjano wasiziguse, wala wasizipime kwa mita ya ukinzani, kwani betri ya mita yaweza kutosha kuufyatua mfuko. Hata fundi hungoja dakika kadhaa baada ya kufungua betri ya gari, kwa sababu kapasita iliyomo katika kompyuta huwa bado ina chaji.