Bustani ya Nyumbani: Mpira wa Maji Ukizibika

Milima yetu ya Usambara imejaaliwa neema ya maji yashukayo yenyewe bila ya mashine wala mafuta. Mwenye bustani hutega mpira kijitoni, akauteremsha mpaka kwenye kabichi na karoti zake, na mwishoni akatia vinyunyizi. Kila mita 10 za kushuka huyapa maji nguvu ya kadiri ya kilo 1 kwa sentimita 1 ya mraba, nayo hupungua kila mpira unapozidi urefu na wembamba.

Lakini maji yakikatika, wengi wetu hatuuchunguzi mpira, bali humtuhumu jirani ambaye mpira wapita shambani kwake. Maneno huanza, na ujirani wa miaka mingi huvunjika kwa sababu ya konzi ya matope. Basi twawanasihi wasomaji wetu, na khasa vijana, wafuate utaratibu huu kabla ya kumnyoshea mtu kidole.

Kwanza, vitazame vinyunyizi. Kikiwa kimoja tu ndicho kilicho dhaifu, ila i katika tundu lake. Kifungue, ukisafishe kwa maji na mswaki. Usichokonoe kwa waya, kwani tundu likipanuka maji hayarushwi tena sawasawa. Vikiwa vya mwisho tu ndivyo vilivyosimama, taka ziko baina yao na vile vinavyofanya kazi. Vikiwa vyote vimesimama, panda kijitoni.

Pili, huko juu litazame chujio, uondoe majani na mchanga. Tena hakikisha mdomo wa mpira umezama kabisa, kwani ukiwa nusu nje huvuta hewa.

Tatu, ikiwa kijitoni ni salama, ufuate mpira ukitazama palipopinda au kuvuja. Usipoona kitu, omba idhini kwa mwenye shamba, ufungue kiungio cha katikati, maji ukiyaelekeza pasipo miche. Yakitoka kwa nguvu, ila i chini yako. Yasipotoka, i juu. Kisha gawa tena nusu iliyo na ila. Kwa mpira wa mita 200 wenye viungio vya kutosha, kufungua mara nne kwakufikisha kwenye kipande kisichozidi mita 13. Kipande hicho kitoe, ukitie maji kwa upande wa chini ili taka zirudi zilikotoka. Wala usivute kwa kinywa, kwani maji ya mabonde ya mboga huenda yakawa na dawa za wadudu.

Nne, yapo maradhi yasiyo na taka. Mpira ukipanda kituta kisha ukashuka, hewa hukusanyika pale juu, ikayazuia maji. Legeza kiungio cha hapo mpaka hewa iishe na maji yatoke mfululizo. Penye bonde ndipo matope yatuwamapo. Hapo weka tundu lenye kizibo, ulifungue mara kwa mara. Kabla ya kurudisha vinyunyizi, acha maji yapite wazi mpaka yatoke safi.

Na matope hayo yatoka wapi? Yatoka katika miteremko yetu tunayoilima bila ya kinga. Mradi wa hifadhi ya udongo ulioanzishwa Lushoto mwaka 1981 ulihimiza kupanda majani ya Guatemala kukata mteremko. Mwenye kuyapanda huuhifadhi udongo wake, na hulihifadhi chujio la aliye chini yake. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, lisafishwe chujio baada ya kila mvua kubwa.

Ugomvi wa maji si jambo geni. Zubeir bin Awwam na mtu wa Madina walipogombania mfereji, Mtume (s.a.w.) alimwamuru kwanza Zubeir anyweshe mitende yake, kisha amwachie jirani maji. Nasi tuliopewa maji ya mlimani yatupasa tuujue mpira wetu na tuitunze haki ya jirani.