Tufundishe Sababu, Tusikaririshe Majina

Katika masomo ya sayansi ya shule za msingi, aghalabu mwalimu huridhika pindi watoto wanapoweza kutaja sayari nane kwa mpangilio. Lakini mtoto mdadisi huuliza: mbona zote hulizunguka Jua kuelekea upande mmoja? Wengi wetu hujibu, "Kwa sababu Jua huzivuta," na somo likaendelea. Jibu hilo halitoshi.

Mvutano wa Jua huizuia sayari isipotee angani, lakini hauichagulii upande wa kwenda. Ushahidi ni ile nyota yenye mkia iitwayo Halley, iliyoonekana mwaka 1986. Nayo huvutwa na Jua lile lile, walakini huenda kinyume cha sayari. Basi sababu tuitafute katika asili ya sayari zenyewe.

Wataalamu hueleza kwamba yapata miaka milioni 4,600 iliyopita, Jua na sayari zake zilitokana na wingu moja kubwa la gesi na vumbi, lililokuwa likizunguka polepole. Liliposinyaa kwa mvutano wake lenyewe, mzunguko ukaongezeka kasi, kama mtoto azungukaye akiwa amenyoosha mikono, kisha akaikunja kifuani. Chembe zilizokwenda huku na huku zikagongana, mienendo iliyopingana ikafutana, ukabaki ule uliozidi. Wingu likawa bapa kama sahani, na humo zikaumbika sayari, zote zikarithi mwendo mmoja. Mwaka 2014 darubini za ALMA, nchini Chile, zilipiga picha ya sahani ya namna hiyo ikiizunguka nyota changa iitwayo HL Tauri.

Jambo hili laweza kuonyeshwa darasani bila gharama. Tia maji katika beseni la duara, unyunyize makapi ya mpunga. Wanafunzi watatu wakoroge kwa vidole kuelekea upande mmoja, na mmoja kinyume chao, kisha wote watoe mikono. Maji yakishatulia kidogo, makapi yatafuata upande wa wale watatu. Hapana budi mwalimu aeleze kwamba huo ni mfano tu: maji hushikwa na beseni, ilhali wingu lilijishika kwa mvutano wake.

Wako watakaosema kwamba maelezo haya ni mazito mno kwa watoto. Sikubaliani nao. Mzigo mzito ni orodha ya majina yasiyo na maana. Wala tusiwafiche kwamba Zuhura hujizungusha kwenye mhimili wake kinyume cha Dunia, na Uranusi kama aliyelala ubavu. Hizo nazo hulizunguka Jua kuelekea upande ule ule. Kujizungusha ni jambo la pili, na lina maswali yake.

Kanuni hutueleza jinsi mwendo unavyodumu. Historia hutueleza jinsi ulivyoanza. Mwanafunzi ajuaye kutofautisha mambo hayo mawili ameanza kufikiri kisayansi, hata akisahau jina la sayari ya saba.