Kilabu cha mbege tukitunze, ila kikombe kisimfikie mtoto



Desemba ndiyo hiyo. Mabasi ya kuja Moshi yanajaa, na kuanzia Machame mpaka Rombo watu wanarudi nyumbani na watoto ambao wengine hawajawahi kuona kihamba cha babu yao. Na kila mwaka msimu huu swali linalokuja kwenye meseji zangu ni lile lile: nesi, mume wangu anataka kunipeleka kwenye kilabu cha mbege cha zamani, kile alichokuwa anakaa babu yake. Nina kichanga. Niende?

Jibu fupi: nenda. Ukakae, ukasikilize, ukaone. Kama una mimba au unanyonyesha, usinywe. Na mtoto asionjeshwe hata kidogo. Jibu refu nimelipanga kwa namba, soma taratibu ukiwa unanyonyesha.

1️⃣ KILABU CHA MBEGE NI NINI

Naanza na wenzangu mlioolewa huku kutoka mikoa mingine. Kilabu cha mbege cha asili sio baa. Hakuna muziki wa kupasua masikio, hakuna runinga ya mpira, hakuna taa za rangi. Kuna paa la bati, mabenchi ya mbao, na mama mwenye kilabu anayemjua kila mteja kwa jina na kwa ukoo. Mbege inatolewa kwenye pipa, inapimwa, inanywewa kwenye kata ya kibuyu au siku hizi kwenye jagi la plastiki. Vipo mlimani kwenye vijiji, na mjini Moshi bado vipo kwenye mitaa ya makazi na karibu na masoko.

Kuna desturi moja naipenda sana: anayekupa mbege anaonja kwanza mbele yako, ndipo anakukabidhi. Maana yake, hiki ninachokupa ni salama, mimi mwenyewe nimekitanguliza. Shikilia hilo, nitalirudia huko chini.

2️⃣ KWA NINI NASEMA MWENDE

Mbege kwa Mchaga sio kinywaji tu. Posa inaendewa na mbege. Msibani ipo. Wazee wakigombana juu ya mpaka wa kihamba, aliyekosa anatozwa mbege, wanakaa wote, wanakunywa, kesi imeisha. Huyo Sally Falk Moore, msomi wa Marekani aliyeandika kitabu kuhusu sheria za kimila za Kilimanjaro mwaka 1986, hakutunga hayo, aliyakuta kwa wazee wetu.

Sasa mtoto wako aliyezaliwa Dar atajuaje kwamba anatoka kwenye watu wenye utaratibu wao kama baba yake mwenyewe hajui? Ukikaa na meku mmoja pale kilabuni saa moja tu, utajua nani alipanda ule mti wa mpakani, nani alikuwa shemeji wa nani, na kwa nini ukoo wenu ulihama kutoka Kibosho kwenda Uru. Hayo hayapo Google. Na wazee wenyewe kila mwaka wanapungua.

Halafu jiulize nini kinakuja kuchukua nafasi ya vilabu hivi. Sisi hospitali tunakiona. Ni pombe kali za bei rahisi, zinazonywewa haraka, peke yako, bila mzee wa kukwambia "kijana, sasa inatosha, nenda nyumbani". Serikali ilipiga marufuku viroba Machi 2017, na mimi naunga mkono mpaka leo. Ila pombe kali haikuisha, ilibadilisha chupa tu. Kati ya kijana anayekaa na babu zake kwenye benchi na kijana anayekunywa kachupa nyuma ya duka, nesi yeyote wa zamu ya usiku atakwambia yupi anamkuta kwenye machela.

3️⃣ KILICHOMO NDANI YA MBEGE

Ndizi mbivu zinachemshwa mpaka zinakuwa nyekundu, zinaachwa siku kadhaa zichachuke, zinachujwa. Pembeni, ulezi unalowekwa uote, unaanikwa, unasagwa, unapikwa uji. Magome ya mti wa msesewa yanatia ule uchungu. Vikichanganywa na kuachwa usiku, asubuhi unaikuta inatoa povu.

Kwa hiyo watu wanaposema mbege ni chakula, hawajadanganya kabisa. Ulezi una madini mengi ya kalsiamu, ndizi zina nguvu. Lakini mama yangu, ikishachachuka ni pombe. Na haina lebo. Ya jana na ya leo hazilingani, kwa sababu inaendelea kuchacha pale pale kwenye pipa. Ya mama huyu na ya mama yule hazilingani. Na jagi la lita moja ni ujazo wa chupa mbili za bia. Mtu anayekwambia "kunywa kidogo tu" hajui na wewe hujui hicho kidogo kina pombe kiasi gani.

4️⃣ "MBEGE INALETA MAZIWA"

Hapa ndipo naomba tuelewane, maana bibi zetu wana nia njema na mimi sitaki ugomvi na bibi wa mtu.

Mama akijifungua, maziwa yakachelewa, anakuja mtu na kikombe: kunywa hii, yatashuka. Ukweli ni huu. Maziwa yanaletwa na mtoto anayenyonya mara nyingi, mchana na usiku, akiwa ameshika titi vizuri. Mwili wa mama una homoni inayosukuma maziwa yatoke, na pombe inaibana hiyo homoni. Pombe inaingia kwenye maziwa kwa kiwango kile kile kilichopo kwenye damu ya mama. Watafiti walipopima watoto baada ya mama zao kunywa pombe, walikuta wananyonya maziwa pungufu. Mama anahisi matiti yamejaa, anadhani dawa imefanya kazi. Kumbe yamejaa kwa sababu hayatoki vizuri.

Bibi alikosea wapi basi? Aliona mama waliokunywa uji wa ulezi, mtori na supu, waliopumzishwa na kupikiwa, wakipata maziwa. Sifa akaipa mbege. Mimi namrudishia bibi sifa zake zote: mpe mama ule ulezi ukiwa bado uji. Mpe mtori. Mpe supu. Mpe maji. Mwachie kazi ya kunyonyesha, wengine wafue. Hiyo ndiyo mila yetu iliyokamilika, na haina pombe.

Na kama umeshakunywa? Usiogope, na usimwachishe mtoto. Subiri angalau saa mbili kwa kila kinywaji kimoja, na zaidi kama ni mbege ambayo hujui ukali wake. Kukamua na kumwaga hakuharakishi chochote, maana pombe inaisha kwenye maziwa kadiri inavyoisha kwenye damu. Na usiku huo usilale kitanda kimoja na mtoto.

5️⃣ MWENYE MIMBA

Hapa sina maneno mengi. Unachokunywa kinapita kwenye kondo la nyuma kinamfikia mtoto, na ini lake bado halijakomaa kukisafisha. Pombe inaweza kusababisha mimba kuharibika, mtoto kuzaliwa na uzito mdogo, au kuathirika ubongo kwa namna utakayoiona akiwa darasa la pili anashindwa kukaa na kusoma. Hakuna kiasi kilichothibitishwa kuwa salama, na hakuna mwezi ulio salama. Shirika la Afya Duniani limesema hivyo hivyo.

6️⃣ MTOTO

Nimeshasikia sababu zote. Alale. Asilie. Azoee, yeye ni Mchaga. Minyoo itoke. Jamani! Mtoto mdogo akinywa pombe sukari ya mwili inaweza kushuka ghafla, anakuwa mlegevu, anaweza kudegedega. Mnadhani amelala vizuri kumbe anazimia. Ukiona mtoto amekunywa pombe na amelegea, haamki vizuri au anapumua kwa shida, kimbia hospitali, na useme ukweli amekunywa nini. Hatuna muda wa kukugombeza, tunahitaji kujua tumtibu nini.

Sheria pia ipo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu wa chini ya miaka 18, na inakataza kumuuzia pombe. Kwa hiyo hata kumtuma mtoto na jagi kilabuni, acha.

7️⃣ "NESI UNAUA MILA"

Hili nalijua litakuja, nalijibu mapema.

Uingereza na Ireland wana vilabu vyao vya zamani, wanaviita pabu. Wanavipenda kweli. Kuna chama cha wanywaji kilichoanza mwaka 1971, kinaitwa CAMRA, kinaorodhesha pabu ambazo ndani yake hazijaharibiwa: kaunta ya zamani, mbao za zamani, vioo vya zamani. Kule Belfast ipo moja inaitwa Crown, tangu mwaka 1978 inamilikiwa na National Trust, shirika la kutunza urithi. Yaani kilabu cha pombe kinatunzwa kama sisi tunavyotunza Olduvai.

Sasa sikiliza. Watu hao hao, bibi zao waliwapa mama waliojifungua bia nyeusi, ile Guinness, waongeze damu na maziwa. Mpaka hospitali zilikuwa zinatoa. Sayansi ilipoonyesha madhara, ushauri ukabadilika. Je, pabu zilikufa kwa sababu hiyo? Crown ipo, watu wanapanga foleni waingie. Walichukua kikombe mkononi mwa mama, benchi wakaliacha pale pale.

Hicho tu ndicho ninachoomba kwetu. Na nasema hivi: anayempa mtoto mbege ndiye anayeua kilabu. Siku watoto wakiumia, serikali ya kijiji haitachagua, itafunga vyote. Na atakayeumia wa kwanza ni mama mpikaji, aliyesomesha watoto wake kwa hilo pipa.

8️⃣ SIKU YENU IWE HIVI

👉 Asubuhi, nendeni na watoto nyumbani kwa ndugu anayepika. Waone ndizi zinavyomenywa, waguse ulezi uliota, wanuse msesewa. Moto na sufuria kubwa viwe mbali nao.

👉 Mchana, watoto wabaki na bibi. Nyinyi wakubwa ndio mwende kilabuni, kabla jua halijazama.

👉 Muulize mzee kwanza kabla ya kupiga picha. Msalimie kwa heshima, hata kama Kichaga chako ni shikamoo tu.

👉 Unayenyonyesha au mwenye mimba, agiza soda au maji. Kaa kwenye benchi bila aibu. Ukilazimishwa, sema nesi amekataza, nitupieni mimi lawama.

👉 Omba kikombe chako mwenyewe, kilichooshwa kwa maji safi.

👉 Dereva hanywi. Barabara za mlimani na kona zake mnazijua.

👉 Lipeni vizuri. Mkiacha chochote kwa yule mama, mmetunza kilabu kuliko hotuba yoyote.

9️⃣ KWA MAMA WAPIKAJI

Dada zangu wenye vilabu, najua wengine mnanisoma. Ile desturi ya kuonja kwanza inasema "ninachokupa hakitakudhuru". Basi imalizieni. Mwenye mimba akija, mpe kiti, mpe uji wa ulezi kabla hujauchanganya, muuzie hata huo uji, mbona utanunuliwa! Mtoto akitumwa na jagi, mrudishe na jagi lake tupu. Hapo utakuwa umeonja kwa niaba yake.

Safari njema wote mnaopanda. Mfikapo, mnisalimie mlima.

Tagi shemeji yako anayesema mbege sio pombe 😅. Maswali yaacheni hapo chini, nikitoka zamu najibu.