Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya ya Bunda

YAH: FOLDA ZA PROGRAMU ZILIZOACHWA WAZI KWENYE KOMPYUTA ZA OFISI

Ndugu Mkurugenzi,

Nakuandikia kutoka Mugeta, ninakotengeneza kompyuta za watu na taasisi. Naomba uwaagize maafisa wako wa TEHAMA wakague jambo moja katika kila kompyuta ya shule, zahanati na ofisi ya kata: nani ana ruhusa ya kubadili mafaili ya programu zilizosimikwa humo. Sisemi kompyuta za Halmashauri zina kasoro hii. Ila nimeikuta kazini mara nyingi mno, na ofisi isiyokagua haiwezi kujua kama imesalimika.

Windows ina folda ya Program Files. Humo mtumiaji wa kawaida huendesha programu lakini hawezi kubadili faili. Folda mpya ikifunguliwa moja kwa moja juu kabisa ya diski C, mambo ni tofauti: kwa mpangilio wa kawaida, kila mwenye akaunti anaweza kuandika, kubadili na kufuta. Mafundi wengi husimika huko. Wengine, programu ikigoma kuhifadhi data, huwapa watumiaji wote mamlaka kamili juu ya folda nzima. Programu inatulia, fundi analipwa, anaondoka.

Programu nyingi za namna hii zina faili linalojiwasha kila kompyuta inapowaka, tena kwa mamlaka ya mfumo wenyewe, makubwa kuliko ya mtumishi yeyote. Mwenye akaunti ndogo kabisa akiliondoa faili hilo na kuweka lake lenye jina lilelile, hana haja ya kuiba nywila ya mtu. Anasubiri umeme ukatike na kurudi. Wakulima wetu wa pamba watanielewa: aliyebadili jiwe la mzani usiku si lazima awe karani, kwa kuwa asubuhi karani mwenyewe atapima kwa jiwe lile na kuandika stakabadhi kwa moyo mweupe.

Hata programu maarufu zimewahi kukumbwa. Mwaka 2020 ilitangazwa kasoro CVE-2020-11107 ya XAMPP, kifurushi wanachokitumia vijana wengi kutengenezea mifumo, nacho hujisimika kwenye C:\xampp. Mtumiaji asiye na mamlaka aliweza kubadili faili la mipangilio, kisha msimamizi alipotumia paneli ya kuendeshea XAMPP, amri za mdogo zikatekelezwa kwa mamlaka ya mkubwa. Matoleo 7.2.29, 7.3.16 na 7.4.4 yalirekebisha jambo hilo. Maafisa wako wakikuta la zamani kuliko hayo, waliondoe.

Wataalamu huzipa kasoro hizi alama za chini kuliko zile za kushambuliwa kupitia mtandao, kwa hoja kwamba mshambuliaji lazima awe ameshaingia kwenye kompyuta. Hoja hiyo inafaa mahali ambapo kila mtumishi ana kompyuta yake. Huku vijijini kompyuta moja huhudumia mwalimu wa taaluma, mhasibu, mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo na kijana aliyeitwa kuchapa mitihani. Wote wameshaingia. Kwetu kasoro hii ni kubwa, wala alama za wataalamu zisitufanye tuiahirishe.

Kinachoniuma zaidi ni mtumishi asiye na hatia. Kazi ikifanywa kwa mamlaka ya mfumo, kumbukumbu za kompyuta hutaja mfumo, hazimtaji aliyebadili faili, na mwenye mamlaka hayo anaweza hata kuzifuta. Matokeo ya mtihani yakibadilika au taarifa za mgonjwa zikivuja, atakayeitwa kwanza ni aliyekuwa zamu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamtia hatiani anayeingia kwenye mfumo bila ruhusa, lakini itamfikia vipi asiyeacha alama? Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaitaka taasisi inayokusanya taarifa izilinde.

Ukaguzi hauhitaji fedha. Amri ya icacls imo ndani ya Windows tayari. Ukiielekeza kwenye folda, inaonyesha kila kundi na ruhusa zake. Watumiaji wa kawaida wakiwa na herufi F, M au W kwenye folda ya programu, hapo pana kazi. Lakini naomba wasizifute ruhusa hizo kwa haraka: programu inayohifadhi data palepale ilipo itasimama, na zahanati itashindwa kuandikisha wagonjwa. Data ihamishiwe kwanza folda yake, programu ijaribiwe, ndipo folda ya programu ifungwe.

Kwa mifumo mipya, sharti la kufunga folda ya programu liandikwe kwenye zabuni, na fundi asilipwe malipo ya mwisho kabla afisa TEHAMA hajaingia kwa akaunti ya kawaida na kujaribu mwenyewe kubadili faili la programu. Faili likikubali kubadilika, kazi irudishwe kwa fundi.

Niko tayari kukaa na afisa wako siku yoyote, bila malipo, tukianzia na kompyuta za kata yetu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi kompyuta, Kata ya Mugeta