Mashoto Hana Kosa

Mjadala wa mtoto anayeandikia mkono wa kushoto ukizuka, hakosekani msomi wa kutuletea Kiingereza. Atakwambia "dexterity", yaani ustadi wa mikono, imetokana na Kilatini "dexter", kulia, na kwamba "sinister", kushoto, ndiyo iliyowapa Waingereza neno la shari. Basi ustadi uko kulia, na mashoto arekebishwe.

Neno "dexterity" liliingia Kiingereza karne ya 16 likiwa na upendeleo wake tayari. Na Warumi wenyewe hawakuwa na msimamo: walipopiga ramli kwa kutazama ndege, ishara ya kushoto waliihesabu ya heri, Wagiriki ndio walioiona nuksi. Hata kwetu kulia huitwa kuume, na kushoto kuke. Je, tuseme wanawake hawajui kazi? Kaseme hivyo mbele ya wasusi wa mikeka wa Pemba, uone utakavyorudi.

"Lakini wanavuruga kazi," wanasema. Tazama mkasi wa fundi cherehani. Makali yake yamepangwa kumfaa wa kulia: akibana, vidole vinayasukuma yakutane. Uhamishie kushoto, msukumo uleule unayaachanisha, kitambaa kinajikunja katikati badala ya kukatika, na kisu cha juu kinauziba mstari wa chaki. Fundi anamgombeza mwanagenzi kuwa mzito. Mkasi hausemwi.

Daftari nalo? Ni kweli mashoto hulichafua, kwa kuwa herufi hizi zinakwenda kulia na mkono wake unapita juu ya wino mbichi. Sasa wakumbuke waandishi wa Lamu na Pate, walioandika tenzi kwa hati za Kiarabu zinazokwenda kushoto. Hapo mkono wa kulia ndio unaoufuata wino, na sijapata kusikia mtu akiwaita wazembe.

Anayetaka maandiko asome Waamuzi 20: watu 700 wa mashoto, wapiga teo wasiokosa hata unywele. (Sura hiyo, ajabu, haisomwi sana na wenye fimbo.)

Kula na kusalimiana kwa mkono wa kulia ni adabu zetu, sina ugomvi nazo. Ila kalamu si tonge. Mwalimu anayemchapa mtoto vidole kwa kuandikia kushoto atuonyeshe basi hesabu moja tu iliyokosewa kwa sababu ya mkono ulioiandika.