Vipimo vya Maji Vibandikwe Bombani

Mgeni afikaye mkoani Arusha kwa mara ya kwanza, hasa akiteremkia upande wa mashariki, Usa River, Maji ya Chai na Ngarenanyuki, huona jambo ambalo wenyeji wamekwisha kulizoea mno hata hawalitaji: meno ya watu wengi yana rangi ya kahawia. Wapo wanaolifanyia mzaha, wakidai kuwa ndicho kitambulisho cha mtu wa Meru. Lakini msichana anayejifunza kucheka huku ameziba mdomo kwa kiganja haoni mzaha wowote hapo. Na mtoto ambaye miguu yake imepinda kabla hajaanza shule, huyo hata kiganja hakitamsitiri.

Chanzo cha haya yote kinajulikana, wala si uchawi wala uchafu wa kinywa. Mlima Meru ni volkano, na miamba yake, kama ilivyo miamba mingi ya Bonde la Ufa, ina madini ya floraidi. Maji ya mvua yanapopenya ardhini huyayeyusha madini hayo, na kwa kuwa maji yetu ya chini yana chokaa kidogo, hakuna cha kuyashika yasisafiri hadi kwenye chemchemi na visima. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba floraidi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Maji ya mto uliokipa jina kitongoji cha Maji ya Chai yamepimwa na kuonekana yana zaidi ya miligramu 10. Katika maziwa ya Momella hesabu hupanda hadi kwenye mamia.

Ubaya wa floraidi ni kwamba haionekani, hainuki, na wala haina ladha ya kumshtua mtu. Maji yanaweza kuwa meupe pe, baridi, yametoka chemchemi ya mlimani isiyoguswa na mnyama, nayo yakawa yamebeba madhara. Tena wananchi wetu wamefundishwa, tangu kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 na hata kabla yake, kwamba maji salama ni maji yaliyochemshwa. Fundisho hilo ni jema na limeokoa maisha ya wengi, kwani kipindupindu na homa ya matumbo havistahimili moto. Floraidi lakini si kijidudu, haifi. Maji yanapochemka mvuke huondoka na madini hubaki sufuriani, kwa hiyo kadiri mama anavyoyachemsha kwa muda mrefu zaidi ndivyo floraidi inavyozidi kukolea. Hatusemi watu waache kuchemsha. Tunasema mama huyo ametimiza wajibu wake wote kama alivyoagizwa, na bado mwanawe ameharibika meno, kwa sababu nusu ya habari hakupewa.

Na hapo ndipo penye lawama yetu. Mwaka 1974 Serikali iliweka kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa lita kwa maji ya vijijini. Wakati ule hoja ilieleweka: vijiji vilikuwa vingi, fedha chache, na kama kisima chenye miligramu 6 kingefungwa, watu wangerudi kwenye madimbwi. Lakini kiwango cha muda kilikaa miaka mingi, kisha kikashushwa kuwa miligramu 4, na ni katika miaka ya karibuni tu ndipo nchi yetu ilipokubali miligramu 1.5 kama wafanyavyo wengine. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa 1974 sasa amevuka miaka 50. Maisha yake yote ya utotoni, maji aliyokunywa yalihesabiwa kuwa salama kwa mujibu wa karatasi.

Msomaji atauliza, je, tukichelewa miaka mitano mingine kutatokea nini? Jibu liko katika jino lenyewe. Floraidi huharibu jino wakati linapotengenezwa ndani ya ufizi, yaani tangu utotoni mpaka kama miaka 8. Baada ya hapo alama hazifutiki, wala maji mazuri yatakayokuja baadaye hayazirudishi nyuma. Kila mwaka unaopita basi huchukua kundi zima la watoto moja kwa moja. Barabara ikichelewa, wale walioisubiri wataipita siku itakapokamilika. Maji hayako hivyo.

Hatukosi kutambua yaliyofanyika. Mradi mkubwa wa maji wa jiji la Arusha, uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ulikusudiwa kuongeza uzalishaji kutoka lita milioni 40 hadi milioni 200 kwa siku kwa kuchimba visima mahali penye maji yenye floraidi kidogo. Ni kazi ya kupongezwa. Kituo cha Ngurdoto nacho kimefanya utafiti wa miaka mingi juu ya kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na njia hiyo inafanya kazi. Kasoro yake ni kwamba mkaa huchoka. Ukisha kujaa floraidi hauchuji tena, na chujio lililochoka halitofautiani kwa macho na chujio jipya. Hivyo hata mwenye chujio anahitaji kitu kilekile anachokihitaji asiye nalo, nacho ni kipimo.

Kwa hiyo ombi letu kwa mamlaka za maji za mijini na RUWASA ni dogo. Katika kila kituo cha kuchotea maji, kila shule na kila zahanati, pabandikwe tangazo la Kiswahili lenye mambo matatu: chanzo cha maji hayo, kiasi cha floraidi, na tarehe ya kupimwa. Ni nadra leo kuona tangazo la namna hiyo, ingawa bei ya dumu moja haikosekani kuandikwa. Tunajua wako maofisa wanaohofia kwamba wananchi wataingiwa na hofu. Wananchi hawa wameishi na meno hayo vizazi kwa vizazi, na hawatakimbia kwa kusoma namba. Watakachofanya ni kuchagua.

Nao uchaguzi upo. Maji ya mvua hayana floraidi ya kutajika. Familia ya watu watano ikitumia lita 25 kwa siku kwa kunywa na kupikia tu, katika kiangazi cha siku 150 itahitaji lita 3,750. Paa la bati la mita za mraba 40, hata mvua ikiwa milimita 600 tu kwa mwaka, hupokea lita 24,000. Tangi moja la lita 5,000 linatosha, na maji ya bomba yabaki kwa kufulia na kuogea. Maziwa ya mama nayo hubeba floraidi kidogo sana hata kama mama mwenyewe anakunywa maji mabaya, na hiyo ni sababu nyingine ya kutomharakishia mtoto mchanga uji. Magadi ya kulainishia maharage na makande, kwa upande mwingine, mara nyingi huongeza floraidi chunguni, na yafaa mabibi afya waliseme wazi kliniki.

Matangazo hayo yaanzie kata za mashariki ya Arumeru, na yaanzie shuleni, kwenye madarasa ya awali na ya kwanza, ambako bado wamo watoto ambao meno yao ya kudumu hayajaota.