Lawama Haikuiendea Mvua



Ndugu Waislamu, siku hizi wafanyabiashara wanalinganiwa kwa sauti moja: ifanyeni akili bandia, ambayo wengine huiita akili mnemba, kuwa moyo wa biashara zenu, la sivyo mtaachwa nyuma. Mashine imjibu mteja, ipange bei, ichuje waombaji kazi, iamue nani akopeshwe na nani anyimwe. Sisi hatusemi kuwa chombo hicho ni haramu. Asili ya miamala ni uhalali mpaka ipatikane dalili ya kukataza. Tunauliza jambo moja tu: mashine ikimpoteza mteja, nani atabeba dhima?

Swali hili si la kubuni. Mwaka 2022 huko Kanada, abiria mmoja aliyefiwa na bibi yake aliiuliza mashine ya kujibu wateja ya shirika la ndege la Air Canada kuhusu nauli nafuu ya wafiwa. Mashine ikamjulisha kuwa anaweza kukata tiketi kwanza, kisha akaomba punguzo ndani ya siku 90. Alipoomba, shirika likamjibu kuwa utaratibu wake hauruhusu madai baada ya safari. Shauri lilipofika kwenye baraza la jimbo la British Columbia, shirika likajitetea kwa hoja iliyoonesha kana kwamba mashine ile ni mtu mbali, mwenye kuwajibika kwa matendo yake mwenyewe. Februari 2024 baraza liliikataa hoja hiyo, na shirika likaamriwa kulipa zaidi ya dola 800 za Kanada.

Ikiwa baraza la kidunia halikuupokea udhuru huo, je, utapokewa Siku ya Hisabu? Tukumbuke kisa kilichopokewa na Imam Muslim. Mtume (S.A.W.) aliingiza mkono katika rundo la chakula, vidole vyake vikakuta umajimaji. Mwenye mali akataja mvua. Lakini lawama haikuiendea mvua. Ilimrudia muuzaji, aliyeficha kilicholowa chini badala ya kukiweka juu watu wakione. Basi na leo lawama haitaiendea mashine.

Wako pia wanaodhani faida ya chombo hiki ni kuwaondoa watu. Kampuni ya Klarna ya Sweden, ambayo sehemu ya biashara yake ni mikopo ya riba, wala hatuitaji kwa kuisifu, ilitangaza mwaka 2024 kuwa mashine yake inafanya kazi ya wahudumu 700. Mwaka 2025 mkuu wake alikiri kwamba kutanguliza kupunguza gharama kumeshusha ubora wa huduma, na kampuni ikaanza tena kutafuta watu wa kuhudumia wateja. Walioonja hasara wamerudi nyuma. Vipi sisi tuyakimbilie makosa yao?

Kwa hiyo tunawausia wafanyabiashara wetu, mwenye duka moja na mwenye kampuni kubwa. Mteja aambiwe wazi kuwa anajibiwa na mashine. Awepo mtu anayefikika, mwenye mamlaka ya kusahihisha kosa na kurudisha haki. Uamuzi wa kumnyima mtu kazi au mkopo usipite bila mwanadamu kuupima na kuutolea sababu. Na mfanyakazi ambaye kazi yake inachukuliwa na mashine alipwe stahiki zake zote, na afundishwe kazi nyingine inapowezekana.

Mashine haina nafsi, haina toba, wala haina kaburi. Sisi tunavyo vyote hivyo. Mizani ya duka ikipunja, mwenye duka ndiye atakayeulizwa, hata kama mizani hiyo inajiendesha yenyewe.